Farasi na Deni Lake

Herb Kazzaz yuko kitandani, saratani imemkondesha. Mbele yake amesimama farasi aliyevaa koti na sweta. Zamani walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kisha wakatengana kwa miaka mingi, na leo farasi amekuja kumjulia hali. Wameshacheka, wamekumbushana ya ujana, wameshaagana. Lakini farasi hajatua mzigo uliomleta. Anarudi chumbani na kutamka samahani yake waziwazi. Herb anamtazama. Anamjibu kwamba sawa, amemsikia, ila hamsamehi.

Ungetegemea muziki laini uingie hapo na mgonjwa alegee. Halegei. Anamweleza kwamba kufukuzwa kazi kwenye kipindi chao cha runinga hakukumuumiza kama farasi anavyodhani. Siku dunia ilipomgeuka kwa sababu ilijulikana kuwa ni shoga, alichohitaji ni rafiki, na rafiki alikimbia. Sasa aliyekimbia na aishi na alichokifanya mpaka siku zake ziishe. Wanaishia kugombea darubini ya zamani, kumbukumbu ya ujana wao. Wanaanguka nayo sakafuni, mgonjwa na farasi, na darubini inavunjika.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ni ya nane katika msimu wa kwanza wa BoJack Horseman, katuni ya watu wazima iliyoanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 22 Agosti 2014 na kumalizika tarehe 31 Januari 2020. Ina misimu sita na sehemu 77, ukihesabu na ile moja ya Krismasi. BoJack ni farasi wa Los Angeles aliyekuwa nyota wa kipindi cha vichekesho cha runinga miaka ya tisini. Sasa ana pesa, ana pombe, ana nyumba kubwa mlimani, na ana tabia ya kuwaumiza wanaompenda. Wengi wameijadili kwa upande wa saikolojia na falsafa. Mimi nataka kuitazama kama mtu anavyomtazama seremala akipiga randa, maana swali la kama mtu mbaya anaweza kutengemaa limeshughulikiwa humu na watu wenye kalamu, maikrofoni na saa mkononi.

Tuanze na mchoro. Raphael Bob-Waksberg, aliyebuni hadithi, na Lisa Hanawalt, aliyechora wahusika, wanajuana tangu sekondari huko Palo Alto, California. Bob-Waksberg alihamia Los Angeles akapanga chumba kidogo katika nyumba kubwa juu ya vilima vya Hollywood. Aliuona mji wote chini yake na akajiona mpweke kuliko wakati wowote. Hanawalt kwa miaka mingi alikuwa akichora wanyama waliovaa nguo za watu. Huyu alikuwa na huzuni isiyo na sura, yule alikuwa na farasi.

Utazame uso huo kwa utulivu. Uso wa farasi ni mrefu, na baina ya macho na mdomo pana mwendo. Hanawalt ameutumia mwendo huo. Mdomo wa BoJack unaweza kuwa katikati ya mzaha, meno nje, huku macho juu kule yamelegea nusu kope, hayamo kabisa katika mzaha huo. Uso wa mtu ungekuwa mfupi mno kubeba mambo mawili kwa pamoja. Mikono ni ya binadamu, ya kushikia glasi na simu. Sweta ina nakshi, na karibu kila mtu wa mji huu ana nguo yenye nakshi yake, kana kwamba mchoraji aliwapeleka wote kwa fundi mmoja mwenye kitambaa kingi dukani.

Kisha wanyama wanabaki wanyama. Mr. Peanutbutter, mwigizaji mwenzake BoJack, ni mbwa aina ya Labrador. Ana umaarufu, ana moyo mweupe, na hamuamini kabisa mleta barua. Akiagiza bango la sherehe kwa simu, mwandishi wa mabango huandika kila alichosikia. Anapomwandalia Diane, mwandishi na rafiki wa BoJack, sherehe ya kuzaliwa, bango linasomeka heri ya kuzaliwa Diane, na tumia herufi za kupendeza. Sisi tuliokwisha kuchapisha fulana za harusi au kanga za msiba tunajua kwamba huo si utani, ni taarifa ya habari. Nautaja kwa sababu mizaha ya namna hii imejaa katika kila fremu, nyuma kule mtazamaji asipoangalia, na ndiyo inayokufungua mlango. Umecheka, umelegea, ngao umeiweka chini. Ndipo Herb anaposema hapana.

Hatua ya pili ni chumba cha waandishi, na hapa uvumilivu unaanza kuonekana. Katuni za vichekesho za Marekani zina desturi ya kupangusa ubao. Nyumba ikiungua wiki hii, wiki ijayo ipo pale pale na mapazia yake. Desturi hiyo inamfaa mwandishi, maana kila juma anaanza upya bila deni. Waandishi wa BoJack waliikataa, na waliikataa kwa kuchekesha kwanza. Katika sehemu ya sita ya msimu wa kwanza BoJack, akiwa amelewa na anataka kumfurahisha Diane, anaiba herufi D kutoka kwenye lile bango kubwa la Hollywood kilimani. Herufi hairudi. Kuanzia hapo mji unaitwa Hollywoo. Hakuna anayeushangaa. Wahusika wanautamka hivyo mazungumzoni, na hivyo ndivyo unavyoandikwa. Misimu inapita, D haipo. Katika sehemu ya mwisho kabisa inaletwa herufi mpya ya kuziba pengo, nayo ni B.

Mtu anaweza kucheka na kupita. Mimi naona kitabu cha deni la duka kimefunguliwa. Ukishamzoesha mtazamaji kwamba herufi iliyoibwa inabaki imeibwa, umemtayarisha kuamini kwamba rafiki aliyesalitiwa anabaki amesalitiwa. Fundi cherehani mzuri anayeshona sare ya mtoto huacha pindo nene ndani, maana anajua mtoto atarefuka. Waandishi hawa walishona pindo nene kila mahali. Utaliona likifumuliwa mwaka 2020.

Kuna kipindi kimoja ambacho kazi ya wachoraji inaonekana peke yake, kama mifupa iliyovuliwa nyama. Ni sehemu ya nne ya msimu wa tatu, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mike Hollingsworth. BoJack anakwenda chini ya bahari kwenye tamasha la filamu, kichwani amevaa kofia ya kioo yenye hewa. Kwa kawaida katika kazi hii sauti hutangulia: waigizaji husoma, kisha wachoraji hupanga michoro ya mfuatano, mfano wa kurasa za kitabu cha katuni, wakifuata pumzi za maneno. Huku chini ya maji karibu hakuna maneno. Kila kitu lazima kibebwe na bega, shingo na mwendo wa mkono.

Na kisa chenyewe ni cha kuomba radhi. Kelsey, mwongozaji aliyefukuzwa kazi kwenye filamu ya BoJack, yupo kwenye tamasha hilo. BoJack hakumtafuta wala kumtetea. Sasa anataka kumwandikia. Anaandika kikaratasi, hakimridhishi, anaandika kingine. Njiani anajikuta analea mtoto wa farasi-bahari aliyepotea, na anazunguka naye mpaka amrudishe kwa baba yake. Mwisho anaandika ujumbe kutoka moyoni, anauwahi mkono wa Kelsey kwenye dirisha la gari, na gari linaondoka. Kelsey anafungua karatasi. Wino umeyeyuka majini. Hakuna hata neno moja linalosomeka. Baadaye kidogo BoJack anagundua kwamba ile kofia ilikuwa na kitufe cha kuongelea wakati wote. Nilicheka kwa sauti, halafu nikanyamaza muda mrefu. Mzaha na hukumu vimewekwa kwenye kitufe kimoja.

Siku hiyo mpwa wangu wa miaka kumi aliingia sebuleni akanikuta. Akaniuliza, mjomba, mbona unaangalia katuni ukiwa umekunja uso? Nikazima. Sina jibu la mtoto kwa swali hilo, na katuni yenyewe ina matusi, dawa za kulevya na mengine ambayo mtoto hana haja nayo.

Baada ya michoro, sauti. Will Arnett ndiye BoJack. Sauti yake ni ya kukwaruza, ya mtu aliyelala vibaya, na ina kipaji cha kuanza sentensi kwa majigambo na kuimaliza kwa aibu bila kupumzika katikati. Kazi yake kubwa iko katika sehemu ya sita ya msimu wa tano, ya 2018. Mama yake BoJack, Beatrice, amefariki. Isipokuwa onyesho fupi la mwanzo, ambamo baba anamhutubia BoJack mdogo ndani ya gari, na sauti ya baba ni ya Arnett pia, sehemu yote ni farasi mmoja amesimama kando ya jeneza akisema neno la kumuaga marehemu. Inakaribia dakika 25. Hakuna mwingine anayezungumza.

Fikiria ugumu wa jambo hilo kwa mtu wa katuni. Katuni huishi kwa kuhama: mlango, gari, paa, mlipuko. Hapa pana jeneza, maua, pazia na mzungumzaji. Mwongozaji, Amy Winfrey, hakuhangaika kutafuta vitu vya kumsaidia. Anasogea karibu, anarudi nyuma, anakwenda ubavuni, na kila kuhama kunafanyika pale maneno yanapogeuka, si kabla. Sauti ikisharekodiwa, michoro ya rasimu hupangwa juu yake na kupigwa kama filamu isiyosogea vizuri, ili waone kama kimya kinakaa pahala pake. Wakiridhika, kazi ya kuchora mwendo hufanyika Korea Kusini, kisha hurudi Los Angeles kukaguliwa na kurekebishwa: kope iliyofunga mapema, mkono uliochelewa. Katika hotuba kama hii, kope iliyofunga mapema ni uongo.

BoJack anasimulia kwamba njiani alisimama kununua chakula. Muuzaji alimuuliza hali, naye akajikuta akimwambia mama yake amefariki. Muuzaji akampa churro ya bure, lile andazi refu lenye sukari na mdalasini. Na farasi anasema, kwa namna yake, kwamba huruma aliyoipata kwa mgeni yule wa kaunta inapita yote aliyowahi kupewa na mama aliyelala mbele yake. Halafu anahangaika na maneno ya mwisho ya mama hospitalini. Mama alisema anamwona. Maisha yote alitaka kuonwa na mama. Anayageuza maneno hayo huku na huku kama mtu anayekagua noti, mpaka anagundua kwamba huenda mama alikuwa anasoma tu herufi za kibao cha wodi ya wagonjwa mahututi, I, C, U, ambazo kwa Kiingereza zikitamkwa huwa ndiyo sentensi ile ile. Kizungumkuti cha Kiingereza hicho, kwetu hakitafsiriki, lakini maumivu yake yanavuka.

Anapomaliza, tunawaona wafiwa kwa mara ya kwanza. Ni mijusi. Ameingia chumba kisicho chake. Hotuba yote hiyo, deni lote hilo la mama, limelipwa kwenye anwani ya watu wengine.

Sasa lile pindo. Mwishoni mwa msimu wa tatu, Sarah Lynn, aliyeigiza mtoto wake katika kipindi cha zamani na ambaye BoJack alimwona akikua na kuharibika, anakwenda naye kwenye ulevi wa majuma kadhaa. Unaishia kwenye jumba la kutazamia nyota. Amemwegemea BoJack gizani, nyota zinazunguka juu. BoJack anaita jina lake. Hajibu. Picha inakuwa nyeusi. Sisi tuliotazama mwaka 2016 tulidhani tumeona kila kitu, na tulimhurumia farasi zaidi kuliko tulivyomhurumia msichana. Hilo ndilo kosa ambalo mafundi hawa walituachia tulifanye.

Miaka minne baadaye wanafumua. BoJack amekwenda kutibiwa ulevi. Ameacha pombe. Manyoya yenye rangi yamenyolewa, mvi imebaki. Anafundisha uigizaji chuoni na anafundisha vizuri. Kisha waandishi wa habari wanafika kwenye fundo, kifo cha Sarah Lynn. Anakwenda runingani kuhojiwa, anajieleza kwa machozi yanayofaa, na watu wanampenda. Angeishia hapo. Lakini amezionja sifa na anakubali mahojiano ya pili, na mhojaji aliyekuwa laini jana leo amekuja na orodha. Ndipo inapojulikana kwamba usiku ule, baada ya kuona Sarah Lynn hajibu, BoJack alisubiri dakika 17 kabla ya kuita msaada, akijitengenezea ushahidi kwamba hakuwepo. Msichana alikuwa bado hai.

Dakika 17. Hakuna picha mpya iliyochorwa jumba la nyota kutuonyesha. Ni namba tu, imetamkwa chini ya taa za studio, lakini ukirudi kuitazama ile sehemu ya 2016 giza lake limebadilika. Huu ndio ufundi ninaoustahi kuliko wote humu: kubadilisha mchoro wa zamani bila kuugusa.

Wanazuoni wetu wa pwani hufundisha kwamba toba ina masharti: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama umemdhulumu mja, umrudishie haki yake au akuridhie. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, maana funguo zake hazimo mfukoni mwako. Sina sababu ya kudhani kwamba waandishi wa Hollywood walikuwa na vitabu hivyo mezani, ila wameukuta ukuta ule ule na wamekaa mbele yake misimu sita bila kuchimba tundu la kupitia. BoJack anaacha, anajuta, anaazimia, anateleza, anaazimia tena. Wenye haki zao wengine wamekufa. Herb, kwa mfano, saratani ilimwachia. Akaja kugonga lori la karanga, naye ana mzio wa karanga. Alikufa msimu wa pili, akiwa hajamsamehe.

Baada ya mahojiano BoJack analewa, anaingia kwa nguvu nyumba iliyokuwa yake, na nusura afe maji katika bwawa la kuogelea. Tangu msimu wa kwanza wimbo wa kufungulia ulikuwa ukimwonyesha akianguka bwawani na sisi tukiruka wimbo huo ili tufike haraka kwenye hadithi. Anafungwa miezi 14. Kifo cha Sarah Lynn hakimo katika hukumu. Kosa ni kuvunja nyumba na kuingia.

Onyesho la mwisho liko juu ya paa. BoJack ametoka gerezani kwa ruhusa ya kuhudhuria harusi ya Princess Carolyn, wakala wake wa miaka mingi. Diane amekaa naye. Ameolewa, amehamia Houston, na bado ana hasira kwa simu ambayo BoJack alimpigia usiku ule wa bwawa. Wanazungumza kwa upole wa watu wanaojua kwamba huenda hawatazungumza tena. Kisha maneno yanaisha na mafundi wanawaacha hivyo hivyo. Wanatazama nyota. Mmoja anamwangalia mwenzake, anageuza macho, mwingine anafanya vivyo hivyo. Katika kazi ambayo kila sekunde hulipiwa, wamelipia kimya.

Ukitaka kuitazama, walaze watoto kwanza. Usiuruke wimbo wa kufungulia. Na usikate tamaa kabla ya sehemu ya nane: wahakiki wengi wa mwaka 2014 walitumiwa sita za mwanzo tu, wakaandika kwamba haina jipya.